Pale Tambarare Ambapo Hakuna Aliyesema Kitu

Jumatano, Kamembe.

Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika, jua likatoka kidogo la kudanganya watu waanike nguo, na saa nane ikarudi. Nguo zangu zimelowa tena. Nimekaa dirishani na chai ya tangawizi, giza ndiyo kwanza linaingia, na kichwa changu kimechanganyika vibaya. Safari hii sitajifanya kwamba kuna kitu nimeelewa.

Wanaonisoma siku zote wanajua kazi yangu. Kwa aliyefika leo, nieleze kidogo. Niko kwenye mradi mdogo unaosaidia kupanga upya mtaa wetu, ule mteremko unaotoka upande wa soko kushuka kuelekea ziwani. Wanataka mitaro ya maji ya mvua, miti kwenye kingo za korongo, njia nzuri za watu wa miguu, na kreshi ya kulelea watoto wadogo wa akina mama wanaovuka mpaka kwenda kuuza Bukavu, upande wa Kongo. Wanataka mji usiokula mlima wake wenyewe. Mimi sichori kitu. Kazi yangu ni kuwafanya watu wasimulie.

Tunatembea na wakazi, polepole. Tukifika mahali tunasimama, na mwenye hadithi ya mahali pale anaisema. Tunaiandika kwenye kadi, kadi inabandikwa kwenye ramani kubwa. Penye kadi nyingi, wanaochora wanafikiri mara mbili kabla ya kuvunja kitu. Pasipo na kadi ndipo wanapoona pako huru kujengwa.

Mama yangu, mzaliwa wa Bukavu, mtu ambaye hajaniacha nijivune hata siku moja, aliposikia hayo aliniuliza: “Njo kusema banakulipa juu ya kusikiliza masolo ya bantu?” Nikamwambia ndiyo, wananilipa kwa kusikiliza mazungumzo ya watu. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Acheke tu. Mimi naiamini kazi hii. Ngazi za mawe nyuma ya msikiti zilikuwa zifungwe, ukuta upite pale. Papa Issa, fundi wa redio na simu, alisimama kwenye ngazi zile akatueleza jinsi alivyompandisha mkewe mgongoni akiwa na uchungu wa kujifungua, madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, wote wamekataa kushuka kwa sababu ya matope, na jinsi majirani walivyokuwa wakifungua milango kumpokea kila alipochoka. Watu walilia. Injinia wa mradi naye alivua miwani akaifuta, ingawa sikuona vumbi. Ngazi zimebaki, ukuta umesogezwa. Siku ile nilirudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa.

Leo sijioni mtu mkubwa.

Jumatatu tulikuwa na matembezi ya mwisho. Papa Issa alikuwepo, wanawake wa mpakani walikuwepo, mkuu wa umudugudu, yaani kiongozi wa mtaa, mimi na kadi zangu, na Injinia Fabrice na ramani yake. Maman Odette naye alikuja, na hilo lilinishangaza. Huyu ni mama wa nyanya. Anavuka nazo asubuhi, anarudi alasiri, hana siku ya kuichezea. Siku hiyo aliacha biashara, akavaa kitenge chake cha misa, akatembea na sisi kimya kimya.

Tukafika pale chini, kando ya korongo, kwenye kile kiwanja tambarare. Asiyeijua wilaya yetu ya Rusizi hataelewa furaha ya mtu anayekutana na tambarare. Huku kila kitu kimeegama. Ukitaka hata kuweka sufuria nje, unatafuta kwanza jiwe la kuikingia isikimbie. Injinia Fabrice ni kijana wa Kigali, mpole, mwenye bidii, na tangu afike amekuwa akilalamika kwamba hapa ukitaka kujenga choo lazima ukate mlima kwanza. Alipoiona ile tambarare alifungua mikono kama anayepokea mgeni. Kisha akauliza, kama tulivyomzoesha, nani ana hadithi ya hapa.

Hakuna aliyesema kitu.

Papa Issa aliangalia viatu vyake. Wanawake wa mpakani walirekebisha vilemba. Mkuu wa umudugudu alipata ghafla simu ya kujibu. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, kadi tupu mbele yangu, na nikanyamaza kama wao. Maman Odette alikuwa amesimama mbele kabisa, uso umetulia, anaangalia majani.

Injinia alisubiri kwa adabu. Halafu akaandika mwenyewe kwenye kadi: hakuna hadithi. Akabandika alama ya kijani, akasema kama mkutano wa wakazi wa Ijumaa utakubali, kreshi itajengwa pale. Watu wakapiga makofi. Nadhani na mimi nilipiga.

Sasa niandike kile ambacho hakuna aliyekisema. Majina humu nimeyabadilisha yote, ruhusa ninayo, mtaona niliipataje, na sitaichapisha shajara hii kabla mkutano haujapita.

Kile kiwanja hakikuzaliwa tambarare. Palikuwa na mteremko kama kwingine kote, na juu yake ilikuwepo nyumba ya Maman Odette na jiko lake la nje. Msimu mmoja wa masika mvua ilikaa siku nyingi bila kupumzika. Udongo ukakatika huko juu, ukashuka na lile jiko. Solange, kitindamimba wake, alikuwa ndani anachochea moto wa maharage. Tulikwenda wote na majembe, nami nilikuwepo. Zaidi ya hapo siwezi kuandika. Udongo ule ndio uliojaza pale chini, ukalala, ukaota majani. Ile tambarare iliyomfurahisha injinia ni kipande cha mlima kilichoanguka.

Mtu wa nje ataniuliza, sasa mbona hamkusema? Jamani, si rahisi. Kwetu matanga yakishaondolewa yameondolewa. Watu wamenawa, wamekunywa pamoja, na kuanzia hapo hakuna anayeleta tena maneno ya msiba ule mbele ya mwenyewe, mpaka yeye mwenyewe ayaanze. Kinyarwanda kina neno lake, gutoneka, kukigusa kidonda cha mtu kilichokuwa kinafunga. Ukifanya hivyo, hata kwa nia njema, watu wanaona nyumbani kwenu hamkulelewa. Na Maman Odette alikuwa amesimama mbele yetu. Nani angefungua mdomo?

Kwa hiyo adabu yetu ndiyo iliyopeleka kreshi kwenye njia ya udongo.

Jana, Jumanne, nilikwenda kibandani kwa Papa Issa. Nilijisingizia chaja ya simu. Aliishika, akaigeuza, akajua haina ubaya wowote, akanirudishia. Nikamuuliza kama yeye asingeweza kumwambia injinia. Alikwaruza meza kwa bisibisi.

“Ile haiko yetu ya kusema, Claudine,” akasema. “Iko na mwenyewe.”

Na ni kweli. Tena kanuni hiyo tuliiweka sisi kwenye mradi, siku ya kwanza kabisa: hakuna anayesimulia hadithi ya mwenzake. Mimi ndiye niliyeitangaza mbele ya watu, sauti juu, nimejaa fahari. Sasa imenifunga mwenyewe.

Niliwaza kumpigia Injinia Fabrice nimwambie maneno machache tu, kwamba pale udongo uliwahi kushuka. Lakini namjua. Angeuliza lini, angeuliza nyumba ya nani, kuna aliyeumia, na kila nitakachojibu angekiandika. Ijumaa angesimama mbele ya watu wote na kukisoma, Maman Odette akiwa amekaa pale. Nami ndiye ningekuwa nimemfanyia hivyo. Wala vipimo vya udongo visingeniokoa, maana nimeambiwa vitafanywa baadaye, mahali pakishachaguliwa. Na mahali pakishachaguliwa, pakishapigiwa makofi, najua jinsi ilivyo vigumu kupachagua upya.

Usingizi ulikuwa wa vipande vipande. Asubuhi nikaamua: nitakwenda kwake mwenyewe.

Nilimngojea arudi kutoka ng'ambo. Siku hizi anakaa upande wa pili wa korongo, nyumba mbili za vyumba viwili viwili, moja yake, moja ya binti yake mkubwa, ambaye naye anavuka mpaka kuuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Nilimkuta anaosha miguu mlangoni, beseni tupu la nyanya limeegemezwa ukutani. Mjukuu wake, Kevine, alikuwa kwenye mkeka anapiga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, kwa nguvu zake zote.

Nikaanza na mvua. Nikaingia kwenye foleni ya mpakani. Nikauliza habari za nyanya, zinaoza haraka siku hizi, eti? Alinijibu yote bila haraka. Kisha akajifuta miguu na kuniangalia.

“Claudine, unazunguka sana. Unakuya juu ya ile fasi.”

Ile fasi, pale mahali. Nikasema ndiyo, Maman.

Kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Nilikuwa nimepanga jinsi nitakavyomshika mkono, nini nitasema, nini nitanyamazia. Nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa. Nilichokikuta sikukiwaza kabisa.

“Miye minataka bajenge pale,” akasema. “Njo maana nilikuya Jumatatu. Tangu ile siku hakuna mutoto anacheza pale. Bantu banapita mbiyo, banaangalia chini. Minataka kusikia batoto pale. Ijumaa nitasimama, nitasema yote, nitaomba kreshi bayipatie jina ya Solange. Uliona vile balilia juu ya ngazi ya Papa Issa. Miye batanikatalia?”

Hawatamkatalia.

Nilikaa pale nimeshika magoti yangu. Kwa siku mbili nilikuwa nikiwaza kwamba shida yetu ni hadithi iliyofichwa, ikitoka tu mambo yatanyooka. Kumbe ikitoka ndiyo itakayoimaliza kazi. Asiposema, kreshi inakwenda pale kwa sababu mahali hapana hadithi. Akisema, kreshi inakwenda pale kwa sababu hakuna hadithi kubwa kuliko hiyo mtaa mzima. Nani atakayesikia mama analitaja jina la mtoto wake halafu anyooshe mkono kusema hapana? Mimi mwenyewe ningelia, ningebandika ile kadi kwa mikono yangu miwili.

Nikamweleza habari za udongo. Nilijaribu kusema taratibu, kwa maneno ya kawaida. Kwamba udongo ulioshuka mara moja haujashikana vizuri. Kwamba huko juu mabati yameongezeka kuliko wakati ule, na maji ya mabati yote yale yanamwagikia korongoni. Kwamba pale ndipo pangefaa kuachiwa majani na miti, watu wapite tu, wasilale wala kuacha watoto. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

“Mulima ilisha kuchukua yake,” akasema. “Haiko na kitu ya kushusha tena.”

Labda ni kweli. Sina hakika na chochote.

Kisha akaniuliza kreshi ikienda kule juu, karibu na ofisi ya umudugudu, kama wengine walivyopendekeza, nani atapanda kule na mtoto mgongoni na beseni kichwani, halafu ashuke tena mteremko wote kwenda mpakani. Wanawake watawaacha watoto nyumbani peke yao kama wanavyowaacha sasa. Na hapo ana haki kabisa. Binti yake mwenyewe humfungia Kevine ndani siku ambazo hakuna wa kubaki naye. Watoto wengi nimewaona hivyo, na ndiyo sababu kreshi ilidaiwa tangu mwanzo.

Ndipo nikasema neno ambalo tangu nitoke pale linanila.

“Maman, na Kevine naye utamwacha pale, siku ya mvua kubwa?”

Alimvuta yule mtoto, akampakata, akampangusa pua kwa ncha ya kitenge. Pua yake haikuwa na kitu. Kevine alilia akitaka kijiko chake. Maman Odette aliendelea kuipangusa ile pua, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilikwenda kwake kwa heshima zote ili nisimguse kidonda, na nikakigusa kwa kidole kizima.

Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono. Sikuona hasira usoni mwake. Aliponijibu aliongea kama tunapangana kazi ya kesho.

“Ijumaa weye utasema ya udongo. Miye nitasema ya mutoto. Tutaona batasikia gani.”

Niliponyanyuka kuaga alinisindikiza mpaka kwenye njia, kama desturi. Hapo ndipo sauti yake ilipopungua. Akasema hajawahi kulitaja jina la Solange mbele ya watu tangu matanga yaondolewe, na hajui kama mdomo utakubali. Nilipomuuliza kama naweza kuyaandika haya, akasema niandike, ila watu wasisome kabla yeye hajasema. Akaniomba Ijumaa nikae karibu naye.

Nikakubali. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nimefika nyumbani nimemwambia mama yangu kila kitu. Leo hakucheka. Alikuwa anachambua mboga, akaacha, akaniuliza: “Na weye unataka basikie nani?” Nikaondoka kwenda kuanua nguo zilizolowa.

Nataka watoto wawe salama. Hilo halina mjadala ndani yangu, naliandika hapa ili kesho nisije nikajizungusha. Kama kura ingekuwa yangu peke yangu, pale chini pangepandwa miti na hakuna mtu ambaye angelala wala kulelewa pale. Lakini pia nataka Maman Odette alitaje jina la mwanawe na watu walipokee. Nataka vyote viwili, na sioni mlango mmoja wa kuvipitisha.

Nimeshika simu mara kadhaa jioni hii. Ruhusa ya kusema habari za udongo sasa ninayo. Ningeweza kumpigia Injinia Fabrice sasa hivi, akaiondoa ile alama ya kijani kimya kimya, Ijumaa tukafika jambo limekwisha. Ingekuwa kazi safi. Na Maman Odette angekuja na kitenge chake cha misa, na maneno aliyoyakusanya muda wote huu, kuyasema kwenye mkutano ulioamuliwa bila yeye. Simu nimeirudisha mezani. Sijui kama huo ni uungwana au ni woga.

Ninachokijua ni kwamba nimekuwa nikiwafundisha watu wa huku kuiamini hadithi kuliko mchoro. Nimewaambia mara nyingi, mtaalamu akija na namba zake, ninyi semeni mliyoyaishi. Wamenielewa vizuri mno. Ijumaa mtu atakayekuja na maelezo makavu ya maji na udongo ni mimi, na nitakuwa nayasema mbele ya mama aliyefiwa. Ninatamani hadithi ishindwe, mimi ambaye nimekula mkate wangu kwa kuitetea. Na ikishindwa, najua nitakwenda kulia mahali.

Hata kreshi yenyewe sijui iende wapi. Labda kuna kona nyingine kwenye njia ya wanawake, si chini sana wala si juu kule ofisini. Kesho nitatembea tena mteremko wote na viatu vya mpira nitafute, nikienda na mtu anayejua viwanja. Nikipata mahali, nitakuwa na kitu cha kumpa Maman Odette badala ya hapana tupu. Jina la Solange linaweza kukaa kwenye ukuta wowote. Hivi ndivyo ninavyojiambia. Yeye hakuomba ukuta wowote, aliomba sauti za watoto pale pale.

Kesho ni Alhamisi tu, na Alhamisi haina kosa. Ijumaa ndiyo inayonitisha. Nitakuwa nimekaa kando yake, labda nimeshika mkono wake, na itanibidi nisimame kutoka kiti hicho hicho niseme pale si mahali pa watoto. Nikitangulia, watu watausikia msiba wake ukitajwa kwanza na mdomo wangu. Nikimwacha atangulie, nitasimama wakati bado anafuta machozi, jina la mtoto wake bado liko hewani, na kila mtu ataona ninachomjibu.

Nisimame kabla yake, au baada yake?